Toleo la Giza

Jarida letu liliitwa Karabai, na lilitoka kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukishapevuka, taa zao hazifui dafu mbele yake, dagaa hawakusanyiki, basi mitumbwi hupandishwa ufukweni na watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kumaliza shughuli za nyumbani. Mmoja wetu alikuwa mvuvi wa Katonga, tukimwita Nahodha. Hatukutaka kukutana bila yeye, kwa hiyo vikao vyote vya jarida viliangukia siku za mbalamwezi.

Ninaloandika hapa ni la mwaka 2009, Kigoma. Tulikuwa watano. Mwalimu alifundisha Kiswahili sekondari. Dada Fundi alikuwa na cherehani yake Ujiji, kwenye baraza ya nyumba ya baba yake. Kulikuwa na kijana mchoraji, aliyekuwa akiandika majina ya mitumbwi na mabango ya maduka. Nahodha nimekwisha kumtaja. Mimi nilikuwa mchapaji kwenye steshenari moja ya Mwanga, na mama mwenye duka aliniruhusu kutumia kompyuta baada ya saa za kazi, mradi kopi tuzilipie.

Kila toleo lilikuwa na mada moja, neno moja tu. Hilo lilikuwa sharti la Mwalimu, na mimi naliamini mpaka leo. Ukimwambia mtu asiyezoea kuandika, "Andika chochote," anakaa na kalamu mpaka chai inapoa. Mwambie, "Andika kuhusu mwembe," atakuuliza mwembe upi, na hapo ameshaanza. Toleo la Mwembe tulilifanya kwa sababu ya Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tulitegemea tutapata historia. Hakuna hata mmoja aliyemwandika Livingstone. Kila mtu aliandika mwembe wa kwao: uliokatwa kupisha nyumba, uliozikiwa kitovu cha mtoto, ule ambao bibi alikuwa akiwauza watoto wa jirani maembe yake mabichi kwa chumvi. Lilikuwa toleo zuri sana.

Halafu ikaja zamu ya Giza.

Kikao kilikuwa kwa Dada Fundi. Mwalimu alikuja na shairi lake limekamilika, tarbia safi, vina vimekaa na mizani imetimia. Mwalimu alikuwa mtu wa mashairi kweli. Alikuwa akitusimulia habari za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, ambamo washairi wa Tanganyika walitoa tungo zao na kujibizana, mmoja yuko huku na mwingine kule. Alitaka na sisi tuwe na jambo kama hilo, hata kama wasomaji wetu hawazidi mitaa mitatu. Basi akasoma ubeti wa kwanza kwa sauti ya kughani:

Giza likisha kutanda, ziwa halionekani,
Mvuvi huanza kwenda, karabai mkononi,
Mawimbi yakimpanda, haogopi asilani,
Wa pwani tunamlinda, kwa dua za majumbani.

Tukapiga makofi. Nahodha hakupiga. Alikuwa ameinamia kikombe chake, akasema taratibu, "Mwalimu, samahani. Haogopi asilani ni nani huyo?"

"Mvuvi," Mwalimu akajibu. "Wewe, Nahodha."

"Mimi naogopa kila siku, Mwalimu."

Kimya kikapita. Mwalimu akaeleza kwamba ile ni lugha ya ushairi, mtu anasifiwa. Nahodha akasema kusifiwa hakukatai, ila giza mnaliandika mkiwa mmewasha taa. Dada Fundi ndiye aliyelikamata neno lile kabla halijapotea. "Basi andika wewe, kaka. Ukurasa mmoja."

Nahodha alikuwa msomaji wetu wa kwanza wa kila toleo, lakini hajawahi kutupa hata mstari. Akasema mwandiko wake mbaya. Nikamwambia mwandiko ni kazi yangu, nitauchapa mimi. Akasema darasa la saba hakuishia vizuri. Dada Fundi akasema yeye pia. Akanyamaza, akaaga.

Kesho yake jioni alikuja dukani kwangu na daftari la mtoto wake, kurasa za katikati zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa zilizosimama wima. Naliweka hapa kama alivyoliandika, nimeongeza nukta tu:

"Mwalimu ameandika kuwa mvuvi haogopi. Mimi naanza kuogopa ninapovua viatu. Giza la nyumbani lina kuta, ukinyoosha mkono unagusa kitu. La ziwani hugusi kitu, na chini yako maji hayana mwisho. Usiku ule upepo ulizima karabai ya kwanza, maji yakaruka yakapasua kioo cha karabai ya pili. Tukawa watu watano kwenye kipe na hatuonani. Nikamwita kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, akaitika. Nikarudia. Nikarudia tena. Tuliitana hivyo mpaka tukasikia adhana ya Alfajiri upande wa kushoto, tukajua Ujiji iko wapi, na kwamba tumesukumwa kusini mbali. Hakuna aliyepiga kasia kabla ya kuitika mara ya mwisho."

Niliichapa nikiwa nimesimama. Kwa wasiokijua, kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa magogo, wavu unashushwa chini ya mwanga, dagaa wakishakusanyika unainuliwa pole pole. Taa zikizimika, kazi imekwisha, na watu wenyewe wako hatarini.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Alipomaliza hakusema lolote juu ya shairi lake. Alisema tu kwamba mahali palipoandikwa "maji hayana mwisho" ingefaa kuweka kina chenyewe, kwa sababu Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470 pale linapozama zaidi, na msomaji angeshtuka. Nahodha akakataa. "Ukiweka namba, Mwalimu, yatakuwa na mwisho."

Tukaiacha. Mwalimu alitaka pia kurekebisha sentensi mbili tatu, na hapo mimi ndiye niliyekataa. Tulibishana kwa heshima lakini kwa muda mrefu. Mhariri wa jarida la marafiki ana kishawishi kimoja kikubwa: kuwafanya wote waandike kama yeye. Wakishafanana, hakuna sababu ya kuwa watano. Mwisho Mwalimu mwenyewe akatoa pendekezo ambalo sikulitegemea, kwamba shairi lake libaki kama lilivyo, asilifute wala asibadili vina vyake, na maneno ya Nahodha yawekwe ukurasa unaolitazama. Msomaji aone wote wawili.

Hapo ikaja hesabu. Jarida letu lilikuwa la kurasa 16, yaani karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati. Kurasa haziendi kwa mfuatano unapozichapa. Upande mmoja wa karatasi ya nje unabeba ukurasa wa 16 na wa 1, mgongoni mwake wa 2 na wa 15, na kuendelea hivyo; kila jozi ukiijumlisha lazima upate 17. Kuna mahali pamoja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi ile ile, upande ule ule, nazo ni za 8 na 9, katikati kabisa. Huko ndiko tulikowaweka. Ukifungua, shairi liko kushoto, daftari la Nahodha kulia, na uzi unapita kati yao.

Nasema uzi kwa sababu Dada Fundi ndiye aliyekuwa akifunga majarida. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Yeye alichukua karatasi zimekunjwa, akazifungua, akazipitisha kwenye cherehani juu ya mstari wa mkunjo kwa sindano nene. Siri yake ilikuwa kurefusha mshono. Mishono ikiwa mifupi na ya karibu karibu, karatasi inakatika yenyewe kama stempu. Alirefusha mpaka mashine ilipokataa kurefusha zaidi, mwanzo na mwisho akafunga fundo kwa mkono. Kwa toleo hili alitumia uzi mweusi.

Jalada ndilo lililotusumbua. Mchoraji alitaka weusi mtupu, na nukta moja ya mwanga. Akaleta mchoro wake nikaupeleka kwa mama mwenye duka. Aliutazama, akautazama tena, akaniambia, "Mwanangu, hii ukurasa mzima ni toneri. Kopi 40 za namna hii, wateja wangu kesho nitawachapia na nini?" Alikuwa na haki. Kopi moja ilikuwa shilingi 50, na kwa majarida 40, pande nane kila moja, tayari tulikuwa na kopi 320, yaani shilingi 16,000, ambazo tulichangishana kwa shida.

Mchoraji akaondoka amenuna. Akarudi na manila nyeusi kumi, kila moja inatoa majalada manne, na wazo ambalo nadhani ndilo bora kuliko yote tuliyowahi kuyafanya. Badala ya kuchora mwanga, tutoboe. Jalada jeusi, tundu, na weupe wa karatasi ya ndani ndio uwe taa. Tulijaribu na panchi ya ofisini. Panchi haifiki mbali, inatoboa karibu na ukingo tu, tena matundu mawili kwa pamoja. Mchoraji alikuwa ametaka moja, na katikati. Tukamwonyesha Nahodha.

Akalishika jalada kwa urefu wa mkono. "Kipe hakitoki na taa moja," akasema. "Na hakikai katikati, kiko kule." Akaelekeza kidole ukingoni.

Nani angemrekebisha? Wanaokaa Kigoma wanajua. Usiku wa giza ukisimama mlimani ukatazama ziwani, taa za wavuvi zimejipanga mbali kama mji mwingine, na zote ziko ukingoni mwa unachokiona. Tulitoboa majalada yote 40 usiku ule ule, vile viduara vyeusi vikatapakaa sakafuni kwa Dada Fundi, na mtoto wa dada yake akavikusanya kwenye kopo la maziwa.

Toleo tulilisomea Katonga, mwezi ukiwa umepevuka, vipe vimepandishwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Walikuwepo wavuvi, wake zao, wachuuzi wa dagaa kutoka Kibirizi, na wazee wawili wa Ujiji waliokuja na Mwalimu. Mwalimu alighani shairi lake lote, akashangiliwa. Kisha Nahodha akasimama. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na alipofika mahali pa kuitana majina, alisitisha kidogo, halafu akayataja majina yenyewe ambayo hakuwa ameyaandika. Wawili kati ya waliotajwa walikuwa wamekaa pale. Wakaitika.

Nilidhani watu watapiga makofi. Walianza kubishana. Mzee mmoja wa vipe alisema upepo ule hauzimi karabai ya kwanza, unazima ya upande wa nje. Mwingine akasema inategemea mwezi wa ngapi, kusi lina tabia yake na upepo wa masika una wake. Mwanamke mmoja, mchuuzi, akasema nyie mnasimulia giza la ziwani, la sisi tunaongoja ufukweni na vikapu na mitumbwi haitokezi nani ataliandika? Mwalimu akamwambia, "Wewe, mama." Yule mama akacheka, halafu akaacha kucheka, akauliza mwisho wa kupeleka ni lini.

Yule mzee wa vipe hakuwa amemaliza. Alisema kama mnataka kuandika kitu, andikeni upepo, kwa sababu ziwa lenyewe halina neno, upepo ndio wenye maneno. Hakuna aliyepinga. Mwalimu alitoa daftari mfukoni akaanza kuandika majina ya waliojitolea, kwa mwanga wa mwezi, bila tochi. Nahodha akaongeza sharti: anayetaka kuandika upepo na hajawahi kuvua, aje kwanza kwenye kipe chake, usiku mmoja tu. Mwalimu akalitia jina lake liwe la kwanza kwenye orodha hiyo pia. Alikwenda siku za giza zilipoanza, akarudi amekauka midomo, na hakuandika kitu kwa wiki nzima.

Toleo la Upepo lilihitaji karatasi sita badala ya nne. Kurasa 24, na zaidi ya nusu yake ziliandikwa Katonga.