Siku moja ya fundi mitambo: kutafuta toroli la amplifaya

Saa 1:00 asubuhi
Nafungua stoo ya bendi, Magomeni. Mimi ni fundi mitambo wa bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na dansi ni magitaa: solo, rhythm na besi, na kila gitaa lina amplifaya yake, boksi la spika linalokuza sauti. Ya solo ni Fender Twin Reverb, kilo 29. Ya rhythm ni Roland JC-120, kilo 28. Ya besi tunakodi huko huko tunakopiga. Leo usiku tuna kazi, na kabla jua halijazama nataka niwe na toroli la kukunja, maana kijana anayenisaidia kubeba vyombo bado mdogo kabisa na tayari anashika kiuno kila akiinuka. Hilo silikubali.

Saa 1:40
Natoa futi. Twin ina upana wa sentimita 67, urefu kama 50, na kutoka mbele hadi nyuma 27. Kipimo cha mwisho ndicho ninachokwenda nacho dukani, kwa sababu amplifaya itakaa juu ya bamba la chini la toroli, na bamba likiwa fupi mzigo unaning'inia mbele. JC-120 inakuja na vigurudumu vyake kutoka kiwandani. Kwenye jukwaa la mbao vinateleza vizuri sana. Kwenye mchanga wa Temeke vinazama.

Saa 3:30
Kariakoo. Duka la kwanza lina toroli la alumini linalong'aa, jepesi, linajikunja kwa mkono mmoja. "Dada, hili linabeba kilo mia," muuzaji ananiambia, na kweli imeandikwa hivyo kwenye karatasi. Mimi nainama kuangalia matairi. Ni ya plastiki ngumu, kipenyo kama sentimita 10.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitasema kwa kirefu. Namba ya kilo huelezea mzigo uliotulia sakafuni. Haisemi lolote kuhusu njia. Gurudumu haliwezi kujiviringisha kupanda kikwazo kilichofikia nusu ya kipenyo chake, na hata kikwazo kifupi kuliko hapo kinalisimamisha ghafla. Tairi la sentimita 10 likikutana na kokoto za robo tatu ya inchi linagota kila hatua, na kila likigota, mtikisiko wote unapanda hadi kwenye amplifaya. Twin ni ya valvu: vioo vimechomekwa kwenye soketi, ndani yake kuna nyaya nyembamba kama nywele. Transfoma zake nzito zimefungwa juu, chini ya paa la boksi, kwa hiyo ikiyumba inataka kuanguka na kichwa. Kwa kazi yetu, tairi ndilo linalochagua toroli. Kilo zinafuata baadaye.

Nashukuru, naondoka.

Saa 4:15
Duka la pili lina majukwaa ya matairi manne. Yapo ya chapa ya Rock-N-Roller ambayo wanamuziki wa nje wanayapenda. Yanavutwa na kukunjwa kwa maumbo 8, na ukumbi ukiwa na sakafu safi tupu, sioni linaloyashinda. Lakini toroli la matairi manne halipandi ngazi, na kumbi zetu nyingi za hotelini vyombo vinapitishwa ngazi za jikoni. La matairi mawili unalilaza nyuma, unalivuta ngazi moja baada ya nyingine huku mwenzako akishikilia kwa chini. Nachagua mawili.

Saa 5:00
Duka dogo karibu na Gerezani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Unabebea nini?" Ni mtu wa kwanza leo kuniuliza swali hilo. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na toroli la chuma, halina mng'ao wowote, matairi ya upepo yenye kipenyo cha sentimita 25, beringi halisi badala ya bushi ya plastiki. Nalizungusha tairi kwa kidole, linaendelea kuzunguka bila kuyumba.

Namwomba tulijaribu kwa mzigo. Duka la jirani linauza saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, yaani karibu Twin na JC-120 kwa pamoja. Tunaupakia, tunafunga, nalilaza nyuma. Naangalia mambo mawili: bamba la chini lisipinde, na pini zinazofunga mpini zisicheze. Halafu nalishusha kibarazani, nalivusha mtaro, nalirudisha. Mikono haielemewi kwa sababu uzito umekaa juu ya ekseli, na mpini ni mrefu kiasi kwamba navuta nikiwa nimenyooka. Mpini mfupi ungenikunja mgongo, na mgongo ndio ulionileta Kariakoo.

Lina kasoro mbili. Ni zito kuliko lile la alumini, na tairi la upepo hupata pancha. Nazipokea zote mbili. Tyubu inazibwa popote palipo na fundi baiskeli.

Saa 7:00 mchana
Narudi kwa daladala. Limekunjwa, limesimama kati ya magoti yangu, konda hakudai nauli ya mzigo. Nakula wali maharage stoo.

Saa 9:00
Nakata plaiwudi, naivika kipande cha zulia, naifunga kwenye fremu ili mabomba yasikandamize kitambaa cha spika. Amplifaya inakaa uso ukitazama fremu. Kijana ananisaidia kukata mipira ya tyubu za zamani: mmoja unapita chini, mwingine juu, chini kidogo ya usawa wa transfoma. Mpira mmoja hautoshi hata safari ikiwa fupi.

Saa 11:00 jioni
Kirikuu, gari dogo la mizigo, imefika. Toroli halipandishi mzigo garini, hilo linabaki kazi ya watu wawili, magoti yakipinda na mgongo ukiwa wima. Nasimamia mwenyewe.

Saa 12:30
Ukumbi wa wazi, Temeke. Kutoka getini hadi jukwaani ni kokoto, kisha mchanga, kisha ngazi nne. Kijana anavuta Twin peke yake hadi chini ya ngazi bila kusimama, anageuka kunitazama. "Dada, rudi tu ukaunge waya." Mpiga solo anawasha: kimya safi, hakuna mkwaruzo wala mvumo.

Saa 8:20 usiku
Muziki umeisha. Nazima Twin kwanza na kuiacha ipoe wakati tunakunja waya, kwa sababu nyaya za ndani ya valvu zikiwa na moto hazivumilii kutikiswa. JC-120 ni ya transista, haina valvu, inatangulia.

Saa 9:30 usiku
Stoo. Napangusa mchanga kwenye beringi na kubana nati za ekseli. Kasoro ya tatu ni bamba la chini: lina sentimita 24, na Twin ya 27 inatokeza mbele kidogo. Asubuhi nalipeleka kwa fundi wa kuchomelea aongeze sentimita 5.