Je, Shrek Inastahili Sifa Zote Ilizomwagiwa?

Tangu ilipotoka mwaka 2001, filamu ya katuni ya Shrek, inayosimulia habari za zimwi wa kijani aishiye peke yake kinamasini, imesifiwa kwa kiwango ambacho filamu chache za watoto zimewahi kukifikia. Mwaka huo huo iliingizwa katika mashindano makuu ya tamasha la Cannes, ikawania Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, pamoja na filamu za watu wazima. Machi 2002 ilitwaa Tuzo ya Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni, tuzo ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanzishwa, na mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za nchi hiyo zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Iligharimu takribani dola milioni 60 na kuingiza zaidi ya dola milioni 480 duniani kote. Hata hivyo, miaka ya karibuni wamejitokeza wahakiki na watazamaji wanaosema kwamba sifa hizo zilizidi kipimo: kwamba utani wake umechuja, kwamba sura za binadamu wake zinaonekana kama plastiki, na kwamba iliwafundisha watengenezaji wa filamu za watoto kuzidharau hadithi wanazozisimulia. Nimewasikiliza wa pande zote mbili kwa makini, kwa sababu filamu hii naipenda, na ninaamini kwamba inastahili sifa, ila sehemu yake inayosifiwa zaidi ndiyo iliyo dhaifu zaidi.

Jambo linalotajwa kwanza kila inapozungumziwa ni kejeli. Filamu inafunguka kwa kitabu cha ngano chenye kurasa za kupendeza, huku sauti ikisoma habari za binti mfalme aliyefungiwa mnarani akisubiri busu la mpenzi wa kweli. Mara mkono wa kijani unauchana ukurasa, na tunatambua kwamba msomaji alikuwa chooni na kwamba ukurasa ule umepata kazi nyingine. Kuanzia hapo viumbe wa hadithi za Ulaya wanapitishwa mbele yetu mmoja baada ya mwingine wakiwa wameshushwa hadhi. Pinocchio anauzwa na mzee aliyemchonga, mbwamwitu amejilaza kitandani mwa Shrek akiwa na gauni la bibi, na mtu mdogo wa biskuti anateswa kwa kuzamishwa katika maziwa ili awataje wenzake. Nyuma ya kejeli hiyo palikuwa na uhasama wa kweli. Jeffrey Katzenberg, mmoja wa waasisi watatu wa DreamWorks, studio iliyoitengeneza Shrek, alikuwa kiongozi wa studio za Disney hadi mwaka 1994 alipoondoka kwa kutoelewana na wakuu wenzake, na mji wa Duloc ndani ya filamu, wenye vizuizi vya kuingilia, njia za foleni zilizozungushiwa kamba na vinyago vinavyoimba masharti ya mwenendo mwema, unawaonyesha watazamaji bila kificho ni bustani zipi za burudani zinazolengwa.

Sehemu ya utani huo bado inanichekesha, na nyingine imekufa. Tukio la Fiona, binti mfalme anayeokolewa na Shrek, kuganda hewani akiwapiga wafuasi wa Robin Hood lilitegemea watu wawe wameitazama The Matrix, filamu ya mapigano yenye matukio ya namna hiyo, miaka miwili kabla. Anayelitazama leo bila kumbukumbu hiyo anaona mapigano ya kawaida yaliyosimamishwa ghafla bila sababu. Tofauti yake ni tukio la asubuhi msituni, ambapo Fiona anaimba na ndege mdogo anamjibu, sauti inazidi kupanda mpaka ndege anapasuka, na binti mfalme, baada ya kuona aibu kwa nukta chache, anayachukua mayai yaliyobaki kiotani na kuyakaanga. Utani huu hauhitaji kumbukumbu ya filamu yoyote mahususi. Unatuambia kwamba Fiona amejifunza ubinti mfalme kutoka vitabuni, kwamba anaufanya kwa bidii kupita kiasi, na kwamba chini ya bidii hiyo yupo mwanamke mwenye akili ya vitendo asiyepoteza chakula. Panapokuwa na mtu ndani ya utani, utani unaishi. Palipo na dhihaka tupu kwa studio fulani, utani unazeeka pamoja na ugomvi ulioutoa.

Ukiziondoa kejeli zote, kinachobaki ni ngano kamili, iliyofungwa kwa mafundo yale yale ya ngano za kale. Yupo kiumbe anayeogopwa na kila mtu, aliyejitenga kinamasini kwa hiari inayofanana sana na kulazimika. Yupo mtawala mdogo wa roho, Bwana Farquaad wa Duloc, anayempa masharti: niletee binti mfalme, nami nitakurudishia ardhi yako. Lipo joka, lipo daraja la kamba juu ya moto, ipo siri isiyopaswa kujulikana kabla ya jua kuzama. Waandishi wanne wa mswada, Ted Elliott, Terry Rossio, Joe Stillman na Roger S. H. Schulman, waliteuliwa kuwania Oscar ya mswada bora, na ninadhani uteuzi huo ulikuwa halali kwa sababu ya jambo moja ambalo watu hawalizungumzii vya kutosha, nalo ni namna walivyoyapanga mambo ambayo kila mhusika anayasikia na yale anayoyakosa.

Tazama usiku wa kwanza wa safari ya kurudi. Shrek na Punda, mnyama msemaji anayesafiri naye, wamelala chali wakiangalia nyota, na Shrek, akidhani hakuna mwingine anayemsikia, anakiri kwamba watu humhukumu kabla ya kumjua na kwamba ndiyo maana anaona heri kuishi peke yake. Fiona, ambaye tayari amejificha pangoni kwa sababu ya laana yake inayomgeuza zimwi kila jua linapozama, anaufungua mlango kidogo na kuyasikia maneno hayo. Kuanzia hapo anajua juu ya Shrek jambo ambalo Shrek hajui kwamba analijua. Usiku wa pili, ndani ya kinu cha upepo, hali inapinduka. Punda anamkuta Fiona katika umbo la zimwi, naye anamweleza kwa uchungu kwamba hakuna awezaye kumpenda kiumbe mwenye sura ya kutisha namna hiyo. Shrek, aliyekuja na ua mkononi akiwa ameshajizatiti kusema yaliyo moyoni, anasimama nje ya mlango na kuyasikia maneno hayo akiamini kwamba yanamhusu yeye. Kusikia kwa siri kulikowaunganisha usiku uliopita ndiko kunakowatenganisha sasa, na hakuna aliyedanganya. Kinachonigusa kila ninapolitazama tukio hili ni kwamba Fiona anayasema juu yake mwenyewe maneno yale yale ambayo Shrek amekuwa akiambiwa na dunia maisha yake yote, kwa hiyo hata baada ya ukweli kujulikana, Shrek hawezi kuyasahau. Anajua jinsi yanavyouma kutoka ndani na kutoka nje. Sijaona kejeli yoyote katika sehemu hii. Hakuna utani unaoingizwa kuiokoa hadhira na huzuni, na filamu inakaa katika uchungu huo kwa muda usio mfupi.

Kisha linakuja busu la Shrek na Fiona. Fiona ananyanyuliwa hewani, nuru inamzunguka na kutoka katika vidole vyake, kwa namna inayomkumbusha mtazamaji Mnyama anayegeuka kuwa mwana mfalme katika Beauty and the Beast ya mwaka 1991, filamu iliyotengenezwa Katzenberg akiwa bado Disney. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi hizo anajua kinachopaswa kufuata: nuru itazimika, na urembo uliofichwa utajitokeza. Nuru inazimika, na Fiona bado ni zimwi. Anasema haelewi, kwamba alipaswa kuwa mrembo, na Shrek anamjibu kwa sentensi fupi kwamba ni mrembo. Hapo ndipo kejeli na ngano zinapokutana na kufanya kazi moja, kwa sababu filamu inaipinga ngano ya zamani kwa kuichukulia masharti yake kwa uzito zaidi kuliko ilivyojichukulia yenyewe. Laana ilisema kwamba busu la kweli litamrudisha katika umbo la kweli la upendo. Filamu inauliza tu umbo hilo ni la nani anayependwa na nani, na inajibu.

Wapo wanaopinga kwamba ujasiri huo ni mdogo kuliko unavyoonekana, na hoja yao ina nguvu. Filamu ilitokana na kitabu cha picha cha William Steig cha mwaka 1990, na katika kitabu hicho binti mfalme ni wa kutisha tangu mwanzo. Hakuna laana wala kugeuka, zimwi anampenda kwa sababu anatisha kama yeye, nao wanaoana wakiwa wameridhika kabisa. Filamu iliongeza Fiona wa mchana, mwembamba na mwenye nywele za shaba, na huyo ndiye tunayekaa naye kwa sehemu kubwa ya muda. Shrek anampenda akiwa katika umbo ambalo dunia yote ingelipenda, na mtihani wa kweli unampata dakika za mwisho tu. Ninakubali kwamba Steig alithubutu zaidi. Hata hivyo kitabu chake hakina jeraha; viumbe wake wanaufurahia ubaya wao na hawajawahi kuuonea haya. Filamu ilichagua kumzungumzia mtu anayejichukia, anayeficha nusu ya maisha yake kila jua linapozama, na kwa hadithi ya namna hiyo umbo la mchana lilikuwa la lazima, maana bila kitu cha kujificha nyuma yake hakuna kujificha.

Kosa ambalo siwezi kuitetea nalo ni Bwana Farquaad. Filamu inayotuomba kwa dakika tisini tusimhukumu mtu kwa umbile lake inamcheka mtawala huyu, tena na tena, kwa sababu ni mfupi. Shrek anautazama mnara wake mrefu na kuuliza kwa mzaha ni upungufu gani unaofidiwa. Njiani yeye na Punda wanamtania Fiona kwa maneno ya mafumbo juu ya kimo cha mchumba wake, naye Fiona anatambua kwamba ni wivu. Farquaad ana ukatili wa kutosha kuchekwa. Anawafukuza raia wake, anatesa, anataka mke ili tu aitwe mfalme, na mwisho anaamuru mke huyo arudishwe kifungoni mara anapoiona sura yake. Waandishi walikuwa na yote hayo mikononi, wakachagua urefu wa miguu. Mtoto mfupi anayetazama filamu hii anaambiwa kwamba zimwi ana haki ya kuheshimiwa na yeye hana, na kila mara ninapofika katika utani huo ninaona kwamba filamu inajikana yenyewe.

Sauti za waigizaji zinastahili sifa zilizopewa. Chris Farley alikuwa amesharekodi sehemu kubwa ya maneno ya Shrek alipofariki Desemba 1997, na Mike Myers aliyechukua nafasi yake alirekodi kwanza kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaomba kurudia kwa lafudhi ya Kiskoti; lafudhi hiyo ilimpa Shrek ukali wenye joto ndani yake, na nadhani bila hiyo maungamo yale ya usiku yangeonekana ya kujililia. Eddie Murphy ni mzuri kiasi kwamba Punda, ambaye kwenye karatasi ni msumbufu tu, anakuwa rafiki anayesema ukweli ambao hakuna mwingine anayethubutu kuusema. Kuhusu picha, ni kweli kwamba nyuso za binadamu zimechakaa. Moto, matope na maziwa bado vinapendeza, na viumbe wasio binadamu hawajazeeka hata kidogo.

Inabaki lile shtaka la kwamba iliharibu filamu zilizofuata. Ni kweli kwamba baada yake zilikuja katuni nyingi zilizojaa wahusika wenye kejeli, nyimbo za redio na dansi ya kufungia, na chache kati yake zinakumbukwa. Lakini hizo ziliiga kilichokuwa rahisi kuigwa. Ukurasa unaochanwa unaweza kunakiliwa na yeyote. Kinu cha upepo kinahitaji mwandishi aliyekaa muda mrefu akifikiri nani yupo upande upi wa mlango. Sioni haki ya kuihukumu filamu kwa wasomaji wake wavivu.

Nikiulizwa filamu hii ilikosa nini ili sifa zake zitimie bila mabishano, mbali na Farquaad, nitataja chaguo la Fiona. Katika filamu ya kwanza laana inaamua umbo lake, na anabaki kulipokea kwa sababu Shrek amelikubali. Watengenezaji wenyewe walilirekebisha hilo katika sehemu ya pili ya mwaka 2004: Shrek na Fiona wote wawili wanageuka kuwa binadamu wazuri wa kutazamwa, busu moja kabla ya saa sita ya usiku linatosha kuwafanya wabaki hivyo daima, na Shrek yuko tayari kulitoa kwa ajili yake. Fiona anakataa, na kusema kwamba anamtaka zimwi aliyefunga naye ndoa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, filamu hizo mbili zinapaswa kutazamwa na kuhukumiwa kama hadithi moja, na mtu anayetaka kuzipinga sifa za ya kwanza anapaswa kwanza kueleza kwa nini uamuzi huo wa Fiona, uliotayarishwa tangu usiku ule wa kinuni, unaaminika kabisa.