Nilivyojisikia ndani ya mwili baada ya kukatwa tumbo, miezi saba sasa

Nianze na maji, maana kila anayeniuliza kuhusu hii operesheni ya kukatwa mfuko wa chakula ili nipungue anauliza maumivu, kilo, hela, hakuna anayeuliza maji. Siku ya pili sista aliniletea kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, mililita 30, akaniambia mama kunywa pole pole, hiyo ikae na wewe robo saa nzima. Mimi nilikuwa na kiu ya siku mbili, midomo imekauka, nikachukua funda moja la kawaida kabisa nikameza. Aisee. Nililisikia lile funda linashuka, nikalisikia limefika hapa chini ya mfupa wa kifua likasimama, likabana, likauma kama nimemeza donge la ugali la moto, halafu baada ya kama nusu dakika likapita na mlio mkubwa wa kugugumia ambao hata dada aliyekuwa amekaa pembeni aliusikia akageuka. Nikajua hapo hapo kwamba huu mwili sio ule niliokuja nao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Arusha. Nilikuwa na kilo 132, urefu sentimita 163, presha, sukari, na magoti ambayo ngazi za shule tu zilikuwa zinanitoa machozi. Nilifanyiwa slivu Nairobi mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, nikafikia kwa binamu yangu huko huko nikakaa wiki mbili kabla ya kurudi. Slivu kwa wasioijua, wanaingia kwa matundu madogo, mimi nina matano, wanakata karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula wanautoa nje kabisa, kinachobaki ni kama mrija mwembamba saizi ya ndizi, umeshonwa kwa pini ndogo ndogo upande mmoja kuanzia juu mpaka chini. Utumbo wenyewe hawaugusi. Nimeandika hapa maana kilo utazisikia kwa kila mtu ila huku ndani kunavyokuwa nilitafuta mtu wa kuniambia kwa Kiswahili sikumpata.

Siku ya kwanza sikuumwa tumbo sana kama nilivyoogopa. Niliumwa bega. Bega la kushoto, maumivu makali ya kuchoma, nikamwambia sista nadhani nililazwa vibaya kule ndani. Akaniambia hapana, ni gesi. Kumbe wakati wa operesheni wanakujaza tumbo hewa ya ukaa ili ndani papanuke waone vizuri na kamera, inayobaki inapanda juu inausumbua ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa huo msuli unatokea shingoni karibu na wa bega, kwa hiyo ubongo unadhani ni bega linauma. Dawa yake ni kutembea. "Ukilala hapo mama hiyo gesi haitoki," sista akanishika mkono, usiku wa saa nne, na dripu yangu, tukaenda mpaka mwisho wa korido tukarudi, hatua ndogo ndogo. Kila nikizunguka nasikia kama mapovu yanahama ndani, toka kulia kwenda kushoto. Siku ya tatu nikajamba, samahani kwa neno lakini ndivyo ilivyo, na bega likaanza kulegea. Kutembea kunasaidia pia damu isigande miguuni, ndio maana walikuwa wananichoma sindano ya tumboni kila siku na soksi za kubana zile sizivui.

Lile tundu kubwa kuliko mengine, ndiko walikopitishia kipande walichokitoa, lilichukua muda. Mengine manne yaliwasha tu. Hilo ukikohoa, ukipiga chafya, ukitaka kujigeuza kitandani unasikia kama kuna kamba ndani imefungwa ukutani na mtu anaivuta. Nilijifunza kukumbatia mto kila nikitaka kukohoa, na kuamka kwa kulalia ubavu kwanza halafu kujisukuma na mkono. Wiki tatu hivi ikaisha.

Kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni kuvuja. Daktari alinieleza bila kunificha, pale palipopigwa pini pakiachia maji ya tumbo yanaingia ndani na hiyo ni hatari ya kufa. Akasema ukiona homa, mapigo ya moyo yamepanda juu ya 120 na wewe umetulia tu, pumzi inakatika, maumivu yanazidi badala ya kupungua, usisubiri asubuhi, njoo. Basi kila usiku kwa binamu nilikuwa naweka vidole viwili shingoni nahesabu dakika nzima. 88. 92. 86. Kuna usiku niliamka na kitu kinapiga tumboni dum dum dum nikajua ndio basi, kumbe ni mshipa mkubwa wa damu tu, zamani nilikuwa siusikii. Nilimpigia daktari, akaniuliza homa, pumzi, mapigo, akanituliza. Kama una mashaka piga simu, usione aibu, mimi nilipiga mara nne na kila mara nilijibiwa.

Safari ya kurudi tulikodi gari, Namanga tukashuka, na kila baada ya saa moja hivi nilimwomba dereva asimame nitembee hata dakika tano. Chupa mkononi, funda dogo, subiri, funda dogo. Lita moja na nusu kwa siku ndio ilikuwa lengo na wiki za mwanzo sikuwahi kuifikia.

Krismasi ikanikuta Moshi kwa mama. Wenyeji wa kule mnajua Krismasi ilivyo, watu wote wamepanda nyumbani, mbuzi amechomwa, mbege ipo, na mimi nina wiki ya tatu, hatua ya vyakula laini vilivyosagwa. Mama alinipikia mtori, akauponda na kuuchuja mpaka ukawa kama uji, na nyama ameisaga humo humo. Akanimiminia bakuli lile lile langu la tangu utotoni. Nikamwambia mama hili ni la siku mbili. Akaniangalia tu. Nikachukua kijiko cha chai, nikaweka kiasi kwenye kisosa, nikaanza. Kijiko cha kwanza kikashuka kwa raha ya ajabu, joto lake nalisikia linashuka taratibu mpaka linatua, sijawahi kukisikia chakula hivyo maisha yangu yote. Cha pili. Cha tatu. Kufika cha sita nikapata kwikwi moja, moja tu. Sikuielewa. Nikala cha saba, pua ikaanza kutoa maji kama nina mafua. Cha nane nikala kwa sababu mama ananiangalia na machozi yanamlenga, na hapo kifua kikabana, jasho, mate yakajaa mdomoni mazito meupe kama povu la sabuni, nikatoka nje mbio nikainama kwenye migomba. Haikuwa kutapika kule tunakokujua, chakula hakikuwa kimechacha, kilirudi kama kilivyoingia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Shibe imehama. Zamani nilishiba tumboni, nikajaa, nikalegeza mkanda. Sasa hivi shibe yangu inaanza na kwikwi, ikipuuzwa inakuja puani, ikipuuzwa inakuja kifuani, na ikifika kifuani umechelewa. Na wenzangu waliofanya wana alama zao, mmoja anapiga chafya, mwingine anashusha pumzi ndefu bila kupenda. Inabidi uitafute yako, na uitafute kwa vijiko vidogo ukiwa umekaa umetulia, sio na simu mkononi. Mama naye nilimkalisha jioni ile nikamwambia, mama nikila kijiko sita nikasema basi, sio kwamba sijapenda chakula chako. Akasema sawa mwanangu. Kesho yake alinipakulia kwenye kisosa mwenyewe.

Njaa sasa. Njaa ilizima. Sio kwamba ilipungua, ilizima kama mtu amebonyeza swichi. Ile homoni ya njaa inaitwa grelini, sehemu kubwa inatengenezwa kwenye kile kipande cha juu cha tumbo ambacho kimeondoka. Watu wanadhani hiyo ni raha tupu, na kweli wiki ya kwanza nilifurahi, lakini mimi binafsi baadaye iliniogopesha. Njaa ilikuwa mwenzangu wa kila siku tangu nikiwa mtoto, nikikasirika ipo, nikifurahi ipo, halafu ghafla kimya. Kuna jioni nimekaa peke yangu ukaja ukiwa hasa, nikalia na sijui nalilia nini. Na ni hatari pia, maana bila njaa unasahau. Mwishoni mwa Desemba nilipitisha siku mbili kwa chai na vijiko vya mtindi, maji kidogo, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, nikisimama macho yanaingia giza. Nikaenda zahanati moja karibu, aliyenipokea akaniambia nimejitakia mwenyewe, ningeacha kula tu ningepungua bure. Iliniuma sana. Akaja daktari mwingine, mtu mzima, akapima presha nikiwa nimelala halafu nimesimama, ikashuka sana, akaniuliza dawa za presha unakunywa ngapi? Nikamwambia zile zile za zamani. Akaniwekea dripu, akaongea na daktari wangu wa Nairobi kwa simu yangu, dozi ikapunguzwa nusu. Kwa hiyo kama ulikuwa na presha au sukari usiendelee na dozi ya zamani kimya kimya, mwili unabadilika haraka kuliko cheti chako, muulize daktari mapema. Mimi dawa ya sukari nilisimamishiwa kabisa mwezi wa pili.

Tangu siku hiyo nakula kwa alamu. Saa moja asubuhi yai, saa nne mtindi, saa saba dagaa au maharage yaliyopondwa, hivyo hivyo mpaka usiku. Protini gramu 60 kwa siku kima cha chini, na yai moja lina kama 6 tu, piga hesabu uone, kwa hiyo protini inaliwa kwanza, ndizi na viazi vikipata nafasi sawa visipopata basi. Maji hayaendi na chakula, nasubiri nusu saa baada ya kula. Nilijaribu kuvichanganya mara moja, nikasikia kama bomba lililoziba.

Kosa langu kubwa lilikuwa shuleni, wiki ya saba. Mapumziko ni mafupi, walimu wenzangu wameagiza ugali na nyama choma, nikachukua kipande cha nyama nikatafuna harakaharaka kengele isinikute. Kilikaa hapo kifuani dakika arobaini. Nilifundisha kipindi kizima nimesimama natema mate kwenye leso, mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza mwalimu unaumwa? Sasa natafuna mpaka ulimi usikie uji, na nyama kavu nimeachana nayo, nakula ya kuchemsha yenye mchuzi.

Mengine nitayapitia haraka. Choo kigumu, hasa mwezi wa kwanza, maji ndio dawa yake. Harufu ya mafuta yaliyochakaa ya chipsi inanichefua mpaka leo. Kiungulia cha usiku kilinisumbua, nanyanyua kichwa cha kitanda na nakunywa omeprazole niliyoandikiwa. Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne, nikichana zinajaa kitana, daktari alisema mwili umeshtuliwa na operesheni na kupungua haraka, zitaota, na kweli vinywele vifupi vimeshaanza kuchomoza pembeni. Dawa za maumivu kama diklofenaki nimekatazwa zinaweza kunitoboa vidonda, na kuna duka la dawa walitaka kunipa kwa ajili ya mgongo bila kuniuliza chochote, kwa hiyo sema mwenyewe kabla hawajafungua boksi. Na dada zangu mnaotaka mtoto, mimi niliambiwa nisubiri angalau mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mimba inaweza kuingia kirahisi kuliko zamani, panga uzazi mapema.

Baridi nayo. Arusha Julai hii nimevaa masweta mawili na soksi kitandani, mtu ambaye mwaka jana nililala na feni. Mafuta yaliyokuwa yananikinga hayapo, kilo 38 zimeondoka, nina 94 sasa. Nikikaa kwenye benchi la mbao nasikia mifupa ya makalio, nikilala ubavu magoti yanagongana nayaweka kitambaa katikati. Jana nilijishika hapa juu ya titi nikagusa kitu kigumu, nikashtuka, nikaita dada nimeota uvimbe. Akapapasa akasema huo ni mfupa wa mtulinga, kila mtu anao.

Na wiki iliyopita nikiwa nasahihisha madaftari nilisikia kitu kidogo tumboni, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha. Nikaacha kalamu. Nikafikiri gesi, nikanywa maji, hakikuondoka. Nikaangalia saa, ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, alamu bado haijalia. Ilikuwa njaa. Ndogo, ya upole, miezi saba sijaisikia. Nikafungua kikontena changu cha dagaa na parachichi, nikala taratibu, kijiko cha tisa kwikwi ikaja, nikafunika.