Mpaka hauko kwenye ukubwa

Wanafunzi wa kidato cha sita huuliza: kama elektroni, kwa kanuni za kwanta (fizikia ya chembe ndogo sana kama atomu), inapita mianya miwili kwa pamoja kama wimbi, mbona kiti hakiwezi? Jibu linalozunguka madarasani ni kwamba kiti ni kikubwa. Mimi silikubali.

Mwaka 1999 wanafizikia Markus Arndt, Anton Zeilinger na wenzao katika Chuo Kikuu cha Vienna walirusha molekyuli za C60, yaani atomu 60 za kaboni zilizoungana kama mpira, zikapita kwenye wavu wenye mianya iliyopishana kwa nanomita 100. Upande wa pili ikatokea mistari ya mwingiliano, kama ya mawimbi yanapokutana: dalili kwamba kila molekyuli ilipita zaidi ya mwanya mmoja kwa pamoja. Kufikia 2019 kundi la Arndt lilishafanya hivyo kwa molekyuli za atomu zipatazo 2,000.

Ila jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la 2004. Kundi hilohilo lilichukua molekyuli za C70 na kuzipasha moto kwa leza kabla hazijaingia kwenye mianya. Umbo na uzito ni vilevile, joto tu ndilo limepanda. Kadiri lilivyopanda, mistari ikafifia, ikafifia, mpaka ikapotea. Sababu ni kwamba kitu chenye moto hutoa mwanga, na kila fotoni (chembe ya mwanga) inayotoka inaondoka na habari ya mahali molekyuli ilipokuwa. Haidhuru kama yupo mtu wa kuisoma habari hiyo au hayupo. Kiti nacho kinagongwa na hewa na mwanga muda wote, na chenyewe kinatoa joto. Habari zake zinavuja bila kukoma.

Wapo wanaosema hapo suala la uhalisia, yaani kama kitu kina hali moja dhahiri hata kisipoangaliwa, limekwisha. Halijaisha! Kuvuja huko kunaeleza kwa nini mistari hupotea; hakuelezi kwa nini tukipima tunapata jibu moja, hapa na si pale. Mwaka 1985 wanafizikia Anthony Leggett na Anupam Garg walionyesha kwamba kama kitu daima kiko katika hali moja dhahiri, na kinaweza kuchunguzwa bila kuvurugwa, basi vipimo vyake vya nyakati tofauti haviwezi kupita kikomo fulani cha hesabu. Maabara zimeshakivuka kikomo hicho, hata kwa saketi za umeme zisizo na ukinzani; kwa hiyo angalau moja ya dhana hizo mbili si kweli kwa vitu hivyo.

Mimi naamini kiti kipo mahali pamoja hata kisipoangaliwa. Anayeamini hivyo ana deni: aseme kanuni za kwanta zinakomea wapi. Mwanafizikia Roger Penrose anadhani nguvu ya uvutano ndiyo inayozikomesha. Dai hilo linapimika, na natamani lipimwe nikiwa hai.