Kusoma chesisi ya Land Rover Tukuyu

Land Rover niliyoifuata iko Tukuyu, nyuma ya nyumba ya dereva mstaafu wa shamba la chai. Ni 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya toleo la Series IIA lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971. Mjukuu wake anataka kuifufua. Mimi nilitaka kujua ilitoka kiwandani lini na wakala gani aliileta.

Nilitoka Mafinga na basi la alfajiri, tukapita Makambako na Chimala, nikashuka Uyole kupanda Coaster ya Tukuyu. Kuanzia Isyonje, wanakouza viazi kando ya barabara, ukungu ulitanda, nami nikaingiwa na wasiwasi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa kwa mgawo. Hiyo haioti kutu. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na mvua ya Rungwe haina huruma. Na namba ya kulitambua gari, niliyoifuata, imegongwa kwenye chesisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua?"

"Hapana mzee, natafuta ilikotoka."

Akacheka, akaleta kadi ya gari. Kilichosomeka ni namba ya injini tu, na injini ilishabadilishwa. Wengi huishia hapo, wakabuni mwaka. Kibao cha namba cha ndani ya kebini nacho kilishang'oka. Tukaingia chini, mbele kulia, pale springi inaposhikwa na chesisi. Kijana akakwangua tope na grisi kwa brashi ya waya, akafuta kwa mafuta ya taa. Nikasugua chaki, nikamulika tochi kwa ubavu. Mwanzoni mwa namba ikajitokeza 252.

Nilishangilia kwa sauti. Tarakimu hizo maana yake ni 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotoka kiwandani ikiwa nzima kwenda kuuzwa nje. Ingekuwa 253, ingesafirishwa vipande ikaunganishwe huko iendako. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, alikuwa ameniapia kwamba hii ni ya kuunganishwa!

Namba kamili ndiyo ya kuombea cheti Gaydon, Uingereza, kwenye jumba la makumbusho ya magari, British Motor Museum, zinakotunzwa kumbukumbu za kiwanda. Cheti hutaja siku gari lilipokamilika, lilipoondoka, rangi yake ya kwanza na lilikopelekwa. Baada ya hapo Uingereza hawana habari. Nani alilipokea shambani, lilibeba nini, hayo anayo mzee huyu.

"Niliifuata Dar mwenyewe," akasema. "Lami bado, TAZARA bado. Kitonga tuliipanda gia ya kwanza, maji yanachemka." Akanipeleka nyuma ya gari, akagusa matundu mawili ya ribiti karibu na taa. Hapo, kwa maelezo yake, palikuwa na kibati cha wakala. Kiling'oka bodi ilipopigwa rangi. Jina limemtoka, ila anakumbuka maandishi yalikuwa mekundu. Nikamwomba arudie yote nikirekodi kwenye simu, kwa sababu hakuna daftari lenye hayo.

"Ndaga fijo," nikamshukuru kwa Kinyakyusa.

Kijana alikuwa ameshapatana na mchomeleaji akate kile kipande cha mbele kilicholiwa na kutu. Nimemsihi asubiri. Kikikatwa, namba inaenda na chuma chakavu. Ameahirisha kazi hadi tupate picha safi za kila tarakimu, na kipande chenyewe atakihifadhi.