Deni la hospitali karibu lininyime kibali

Nilipopata kazi ya kompyuta kwenye kampuni inayohudumia Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nilitakiwa kujaza fomu SF-86 ili niombe kibali cha kushughulikia siri za serikali. Sehemu ya 26 ilinitoa jasho. Inauliza, pamoja na mengine, kama ndani ya miaka 7 iliyopita umewahi kuchelewesha deni kwa zaidi ya siku 120. Nilikuwa na mawili, la hospitali na la kadi ya mkopo, yote ya mwaka nilioachishwa kazi.

Rafiki alinishauri ninyamaze. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana wapelelezi wa serikali huzisoma wenyewe rekodi za mikopo, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Wanachohofia ni kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri. Deni lenyewe halikufungii mlango moja kwa moja. Wanaangalia lilitokana na nini na umelifanyia nini.

Basi nikachukua ripoti zangu za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, nikaorodhesha kila deni kwenye fomu. Hospitali ilikubali nilipe kidogokidogo kila mwezi; la kadi tukapatana nikalimaliza. Kila risiti niliitunza, pamoja na barua ya kuachishwa kazi.

Mpelelezi alipokuja kunihoji nilimkabidhi nakala zote. Alitumia muda mrefu kwenye risiti za hospitali, akihesabu miezi. Baada ya miezi kadhaa, kibali kilitoka.