Jinsi nilivyowapunguza wapiga simu wa mauzo bila kuwapoteza wafugaji wangu

Mimi ni daktari wa mifugo katika Wilaya ya Arumeru, mkoani Arusha, na namba yangu ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha duka langu la dawa za mifugo pale Usa River. Naanza na kibao hicho kwa sababu ushauri ambao watu hupeana kuhusu simu za wauzaji, yaani usipokee namba usiyoijua, mimi haunifai. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa saa saba usiku hupiga kwa simu ya jirani, au ya mjukuu aliyekuja likizo, au ya dereva wa bodaboda aliyesimamishwa barabarani, kwa hiyo simu ambazo sipaswi kabisa kuzikosa ndizo hutoka kwenye namba ambazo sijapata kuziona.

Kwa miaka kadhaa namba hiyo hiyo ilikuwa pia njia ya kila mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza. Walikuwapo wauzaji wa viwanja vya Bagamoyo na Kigamboni, ambao hawakujali kwamba mimi naishi upande wa pili wa nchi. Walikuwapo mawakala wa bima, watoa mikopo, na wawakilishi wa viwanda vya vyakula vya mifugo. Kisha wakaongezeka mawakala wa ajira, ambao kwa kawaida walitaka niache kutibu ng'ombe niende kuuza dawa za kampuni fulani wasiyotaka kuitaja jina mpaka tukutane. Hawa wa mwisho walinisumbua kuliko wengine kwa sababu simu zao zilianza kwa sifa, na mtu anayekusifu ni vigumu kumkatisha.

Siku moja nilikuwa Akeri, kwenye zizi la mzee mmoja ambaye ng'ombe wake, aliyezaa usiku uliotangulia, alikuwa amelala chini, shingo ameipinda ubavuni, masikio ya baridi. Ilikuwa homa ya maziwa, na tiba yake ni kalsiamu inayoingizwa polepole kwenye mshipa wa shingo huku daktari akisikiliza moyo, kwa kuwa ikiingia kwa haraka moyo unaweza kusimama. Mkono mmoja ulikuwa umeinua chupa, wa pili umeshikilia sindano, na kifaa cha kusikilizia moyo kilikuwa masikioni. Simu ikaita mfukoni mwa ovaroli, ikakatika, ikaita tena. Nilidhani ni mfugaji wa Poli niliyemwachia ndama mgonjwa asubuhi, kwa hiyo nikamwomba kijana wa pale aitoe, aipokee na kuniwekea sikioni. Sauti ya kike ikanisalimu vizuri sana, ikaniuliza habari za kazi, habari za familia, na habari za hali ya hewa ya Arusha, kisha ikaniarifu kwamba nimechaguliwa kupata punguzo la kiwanja. Chupa ilikuwa imeshuka bila mimi kutambua na damu ilikuwa imeanza kurudi kwenye mpira. Ng'ombe yule alisimama baada ya nusu saa, akajisaidia na kuanza kutafuta majani, lakini mzee alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka.

Tangu siku hiyo nilifanya kosa ambalo wengi hulifanya wakichoka: niliacha kupokea namba nisizozijua jioni. Haikupita mwezi. Bibi mmoja wa Nkoaranga alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na jioni moja ng'ombe huyo alikula majani mabichi kupita kiasi akavimba tumbo. Daktari akifika mapema, gesi hutolewa kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, au ikibidi kwa kutoboa ubavu wa kushoto. Mjukuu wake alinipigia mara tatu kwa simu ya jirani. Niliziona simu hizo zote tatu, nikasema moyoni kwamba ni wale wale wa viwanja, nikaendelea kula. Asubuhi nilipofika, ng'ombe alikuwa ameshafukiwa. Bibi hakunilaumu hata kidogo. Alinikaribisha chai, na chai hiyo ilikuwa ya rangi.

Nilichofanya kwanza baada ya hapo kilikuwa kuandika. Nilinunua daftari dogo, na kwa mwezi mzima nikaandika kila simu iliyotoka kwenye namba nisiyoijua: saa, aliyepiga, anachotaka, na mahali alipoipata namba yangu. Swali hilo la mwisho niliwauliza wote, kwa upole. Zilipigwa simu 63, na kati ya hizo 38 zilikuwa za wafugaji, hivyo nilifahamu kwamba katika kila simu tano nilizozikataa kwa hasira, takribani tatu zilikuwa za watu wanaonihitaji. Wauzaji wengi walijibu kwamba namba yangu ipo tu kwenye mfumo. Wachache walisema ukweli, na ukweli huo ulinishangaza, kwa maana nilikuwa nimekilaumu kibao changu bure. Namba ilikuwa imetoka kwenye karatasi za mahudhurio za semina.

Kila aliyewahi kuhudhuria semina katika nchi hii anaijua karatasi hiyo. Inapitishwa asubuhi na inapitishwa tena mchana, ina safu ya jina, cheo, taasisi, namba ya simu, barua pepe na sahihi, na asiyeijaza hana posho wala nauli. Inazunguka ukumbi mzima, kila mtu anaisoma, na yeyote mwenye simu yenye kamera anaweza kuipiga picha akijifanya anatafuta jina lake. Nilikuwa nimejaza karatasi za namna hiyo kwa miaka zaidi ya kumi, na daftari za wageni kwenye mageti, na kuponi za bahati nasibu za maduka makubwa, zote kwa namba ile ile iliyo kwenye kibao.

Kwa hiyo nilisajili laini ya pili. Hakuna ujanja wowote katika jambo hilo, isipokuwa kwamba lazima ulifanye kwa nidhamu: namba ya kwanza ni ya wafugaji, ndugu na kibao, na namba ya pili ni ya karatasi zote. Laini ya pili inakaa kwenye simu ndogo ya kitochi dukani, nayo naifungua mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Iliyobaki ilikuwa kuwaondoa wale ambao tayari walikuwa na namba ya kwanza, na hilo halikuwa jambo la simu tena. Lilikuwa jambo la maneno yangu mwenyewe.

Nilipoyapitia yale niliyoandika kwenye daftari niligundua kwamba sikuwa nimewahi kumkatalia mtu. Nilikuwa nawapa sababu. Nikisema sina fedha kwa sasa, muuzaji hujibu kwamba malipo ni kidogo kidogo kwa miezi kumi na miwili. Nikisema niko kazini, anauliza anipigie saa ngapi, nami kwa adabu namtajia saa, kwa hiyo nimempa miadi. Nikisema nitazungumza na mume wangu, wiki inayofuata anaanza kwa kuuliza baba alisemaje. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa na jibu lake, na nadhani majibu hayo wanafundishwa, kwa kuwa nilisikia lile lile, neno kwa neno, kutoka kwa watu wa kampuni tatu tofauti.

Kukata simu ghafla sikuweza, na sikutaka kuweza. Kijana akinipa shikamoo nitamwitikia marahaba, hata kama anataka kuniuzia mchanga wa pwani, na namjua binti wa jirani yangu ambaye kazi yake ya kwanza baada ya chuo ilikuwa hiyo hiyo ya kupiga simu siku nzima akilipwa kwa kamisheni. Nilichofanya ni kuitikia salamu yote, mara moja, kisha kabla hajaanza kueleza nasema hivi: "Ahsante kwa kunipigia. Sitanunua, na naomba namba yangu iondolewe kwenye orodha yenu." Akiuliza kwa nini, narudia maneno yale yale bila kuongeza hata neno moja. Akiendelea, namtakia kazi njema na kukata, na wakati huo nahisi sijamkosea adabu. Mara tano za kwanza mikono ilikuwa ikinitoka jasho. Nilihisi kama nimemfungia mgeni mlango, na ilinibidi nijikumbushe kwamba mgeni huyu hakubisha hodi.

Kampuni mbili zilinipigia tena kwa namba mpya kila mara nilipoizuia ile ya awali, na kwa hao nilitumia maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kumtaka anayeshika taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Niliwaandikia barua pepe fupi yenye tarehe za simu zote kutoka kwenye daftari, nikaomba waniambie namba yangu waliipata wapi, nikaomba waifute, na nikaitaja Sheria na Tume kwa majina yake kamili. Moja ilijibu kwa kuomba radhi ndani ya siku tatu. Nyingine haikujibu lolote, lakini simu zilikoma, na mimi sikuwa na haja ya kupata barua. Matapeli ni habari nyingine kabisa. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawasomi sheria, na namba zao naziripoti kwenye 15040 bila mazungumzo.

Kwa mawakala wa ajira nilihitaji njia tofauti kidogo, kwa sababu siku moja huenda nitahitaji kazi, na si wote ni watu wa kupuuzwa. Niliamua kwamba habari za kazi sizizungumzi kwa simu. Namwomba wakala aniandikie kwenye barua pepe mambo manne: jina la mwajiri, kituo cha kazi, kiwango cha mshahara, na jina la ofisi yake mwenyewe na leseni yake ya uwakala. Kati ya mawakala kumi na mmoja walionipigia mwaka huo, tisa hawakuandika chochote, na mmoja aliandika kwamba mshahara ni mzuri. Wa kumi na moja aliandika yote, kwa ufasaha, na nilisoma barua yake mara mbili kabla ya kumjibu kwamba siachi kutibu. Aliponiuliza kama namfahamu mwingine, nilimfahamu, lakini sikumpa namba. Nilimpigia kwanza yule kijana niliyesoma naye Sokoine, Morogoro, nikamwuliza kama anapenda kutafutwa. Alipenda, na sasa yuko Mwanza.

Uangalifu huo wa kuuliza kwanza niliupata kwa aibu. Nilipokuwa napitia daftari nilikumbuka kwamba miaka michache iliyopita wakala wa bima alinikalia dukani karibu saa nzima, na nilipomwambia sihitaji, aliniomba majina ya watu watano wanaoweza kuhitaji. Nilimpa. Nilimpa majina na namba za marafiki watano ili aondoke, na nilijiona nimetumia akili. Mmoja wao, mwalimu wa sekondari, alisumbuliwa kwa miezi, na hakujua ni mimi mpaka nilipomweleza mwenyewe mwaka jana kwenye harusi. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza wengine wanne ni akina nani.

Lililobaki lilikuwa usiku, maana hata wauzaji walipopungua bado nilihitaji kulala, na bado niliogopa kurudia ya Nkoaranga. Ujumbe wa maandishi haukufaa, kwa sababu wazee wengi hawaandiki na wengine hawaoni herufi. Wanachokijua wote ni kubipu. Nikawatangazia wafugaji, dukani na kwenye mikutano ya ushirika wa maziwa, kwamba baada ya saa mbili usiku mwenye dharura abipu mara mbili mfululizo, kwa simu yoyote ile, na mimi nitapiga. Muuzaji hana desturi ya kubipu. Yeye huacha simu iite mpaka ichoke. Mpango huo ulifanya kazi vizuri kwa miezi minane, na kwa njia hiyo nilimzalisha mtamba wa yule bibi wa Nkoaranga, ambaye wanawe walichangishana wakamnunulia, saa tisa usiku, kwa tochi ya simu ya jirani yule yule.

Kisha mwezi uliopita, saa tatu usiku, nikabipiwa mara mbili kwa namba ngeni. Nikavaa viatu vya mpira huku napiga. Kijana akaniamkia kwa heshima, akasema anatoka kampuni ya bima, na kwamba mjomba wake, mfugaji wa Akeri, ndiye aliyemwelekeza namna ya kunipata. Niliitikia salamu, nikasema sitanunua, nikamwomba aifute namba, nikavua viatu. Siku hizi ni mara tatu.